Mahali Maji Yalipofika

Tulimzika Mzee Msengi siku ya Alhamisi, na wanaume waliokuja hawakutosha kupokezana jeneza kutoka nyumbani mpaka kaburini. Kijijini kwetu mtu akifa majembe hulala. Hata mwenye ugomvi na marehemu huja, akakaa kwenye benchi, akala ugali wa msiba na kuondoka bila kuaga. Kwa Msengi walikuja ndugu zake, jirani wachache, na wazee wawili watatu. Wengine niliwapita mashambani wakipalilia alizeti, na waliposikia pikipiki waliinama zaidi. Nilikuwa natoka Kinampanda, nilikoolewa. Kijana wa bodaboda aliyenichukua kutoka barabara kubwa aliniuliza, "Mama, unakwenda kwa yule mzee aliyeuza ziwa?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema nyumba yenye bati la bluu, ili asikosee njia. Nikajibu, "Ndiyo, kwake." Jibu hilo halijaniacha tangu siku ile, na ndiyo maana naandika. Msengi hakuuza ziwa. Nalijua hilo kwa sababu mwaka ule nilikuwepo, na kilichomharibia jina nilikifanya mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikiishi kwa shangazi yangu Nzitu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, sakafu ya saruji, na kuta za ndani zilizoishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu bila kufika kwenye bati. Ukikohoa chumba cha nyuma, aliye sebuleni anakupa pole. Vitunguu vilitandazwa chini ya vitanda, nyuma ya milango, hata juu ya kabati la vyombo, na nguo zetu zote zilinukia vitunguu mpaka kanisani. Mwaka ule ndio shangazi alinipa jaruba langu la kwanza. Ziwa letu halina kina. Kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha udongo mweusi wenye unyevu, na wanawake hugawana udongo huo kwa hatua za miguu, kila mwaka upya, kwa kuwa maji yakipanda tena wakati wa mvua hufuta mipaka yote. Hakuna aliyesema ardhi ile ni yake. Lakini jaruba ukishalipanda ni lako mpaka uvune. La kwangu nilikuwa nalitembelea asubuhi kabla sijafagia uwanja, naliangalia tu, kisha narudi. Baadaye nimelima mashamba makubwa, ya mume wangu na ya kukodi, na sijapenda tena kipande cha udongo namna ile. Nalisema hili mapema, anayesoma asije akadhani nilidanganya kwa kutumwa tu.

Kiangazi hicho likaja gari la mradi. Tukaitwa mkutano kwenye uwanja wa shule, tukagawiwa soda, na bwana mmoja kutoka wilayani akatueleza kwa upole, kama mtu aliyeshaeleza jambo hilohilo vijiji vingi. Serikali inatoa fedha, wafadhili wanaongeza, na kampuni moja itakuwa mbia. Fedha za umma zitapanda miti, zitajenga birika la kunyweshea ng'ombe na chanja za kuanikia samaki. Mbia atajenga kambi ya wageni wanaokuja kutazama ndege, na kodi yake ndiyo itakayotunza vyote hivyo miaka inayokuja. Halafu akasema maneno yaliyotuondolea utamu wa soda. Kuanzia mahali maji yanapofika mwaka wa mvua kubwa, zitapimwa mita sitini kwenda juu, ziwekwe bikoni za mpaka, na kipande hicho kitakuwa hifadhi ya ufukwe. Hifadhi. Kila mtu pale alikuwa na ndugu, au ndugu wa ndugu, aliyewahi kuhamishwa mahali kwa neno hilo. Watu walipiga makofi machache ya heshima, wakarudisha chupa kwenye makreti, wakaondoka.

Msengi wakati huo alikuwa mwenyekiti wa mwalo, yaani pale mitumbwi inapofikia na samaki kuuzwa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, aliyefika kidato cha pili na ambaye kila karatasi aliyopewa aliisoma mpaka nyuma. Mradi ulimwita semina mjini siku tatu, akarudi na kofia ya kijani na mkoba wa rangi hiyohiyo. Nadhani kofia ile ndiyo iliyommaliza. Alipita nyumba kwa nyumba akiwa ameivaa, anaeleza alichokisoma, na watu walikuwa wanaitazama kofia. Kwa shangazi alifika saa sita, tukamkaribisha ugali wa uwele na mlenda. Alinawa, akamega tonge, akalishika mkononi bila kulila.

"Mama, hifadhi hii siyo ile mnayoiogopa," alisema. "Chini ya bikoni panabaki pa watu wote. Kuvua, kunywesha, kuanika, hata vitunguu vyenu vya kiangazi, ilimradi msipige sumu. Juu ya bikoni ndiko atakakopewa mbia. Kwa hiyo tukionyesha ukweli, kwamba maji yanafika mbali, kipande chetu ndicho kinachokua."

"Msengi," shangazi akamwambia, "tangu lini wakaja watu na gari, wakakupa wewe kipande kikubwa na wao wakabaki na kidogo?"

"Imeandikwa, mama. Nimesoma."

"Na kofia nayo umeisoma?"

Alicheka kidogo, akalila lile tonge. Alipoondoka, shangazi alisema huku anakusanya vyombo kwamba mtu hasifii kitu kwa nguvu namna ile kama hajaonjeshwa. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu: kwamba Msengi anataka ile hifadhi ije ifunike jaruba langu.

Siku chache baadaye, saa kumi jioni, wazee saba walikuja kwa shangazi. Alichinja kuku, akafunga mlango wa mbele, jambo ambalo mchana hatukulifanya. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nachambua vitunguu, na kama nilivyosema, kuta hazikufika juu. Aliyeongoza maneno ni Mzee Gunda, mtu mwenye ng'ombe wengi, anayezungumza polepole mpaka unatamani kummalizia.

"Yule amekwishakula," alisema.

"Anataka nivute mpaka wa hifadhi kwa mikono yangu uje kwenye vitunguu vya mke wangu," mwingine akasema, "halafu nishangilie."

"Uimbe na pambio," akadakia wa tatu, wakacheka.

Gunda akasubiri wamalize. "Wapima wakija, jibu ni moja. Maji yanaishia kwenye matete. Mwaka wa mvua, mwaka wa ukame, yanaishia kwenye matete. Bikoni zikae huko chini, sisi tubaki na mashamba yetu huku juu."

"Na lile jiwe?" Sauti hiyo ilikuwa ya shangazi.

Karibu na majaruba yetu kuna jiwe kubwa, kama mawe mengine ya Singida unayoyaona yamekaa peke yake bila sababu. Usawa wa kifua cha mtu limezungukwa na mkanda mweupe, mahali ziwa lilipofika mwaka wa mvua kubwa nilipokuwa mtoto.

"Jiwe nani ataliuliza?" Gunda akasema, na nikasikia sahani zikisogezwa.

Mpima alikuja, akapewa chumba cha katikati kwa shangazi, kwa kuwa ndiyo nyumba iliyokuwa na sakafu. Alikuwa kijana mpole kutoka mkoa mwingine. Asubuhi alimpa shangazi shikamoo akiwa ameinama kabisa, ugali wa uwele aliula kwa kujilazimisha, mlenda ulimshinda, lakini perege wa kukaanga kwa mafuta ya alizeti alimaliza mpaka kichwa. Shangazi alianza kumpenda, na kwa kuwa alianza kumpenda alimchunga zaidi. Kila alipotoka mtu alijitolea kumsindikiza, na kila aliyemsindikiza alimwonyesha matete. Siku ya nne alinikuta natoka na ndoo, akasema twende wote, maana wanaochota maji ndio wanaolijua ziwa. Shangazi alikuwa mlangoni. Alinitazama tu, nami nilishajua.

Tulipofika kwenye jiwe alisimama. Akaukwangua ule weupe kwa ukucha, akaunusa.

"Dada, hii siyo alama ya maji?"

Nilikuwa naliona jaruba langu kutoka pale. Vitunguu vilikuwa vimesimama, majani yake ya kijani iliyokolea, wiki sita au saba kabla ya kung'olewa.

"Hapana, kaka. Hapo tunaanikia samaki. Ni magamba na chumvi."

"Juu hivi?"

"Ili mbwa wasifikie."

Akacheka, akaandika. Wazee walinipa matete peke yake. Samaki, chumvi na mbwa nilivitoa mwenyewe, na vilikuja kwa urahisi ambao mpaka leo unanitisha. Nimewahi kumsikia mtu akisema uongo ni mzigo. Wa kwangu asubuhi ile haukuwa mzigo. Nilijaza ndoo yangu, nikajitwika, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha.

Msengi alinifuata jikoni kesho yake. Jiko letu lilikuwa la nje, dogo, na alibaki ameinama mlangoni, kofia mkononi. Akasema ameona karatasi za mpima na zimeandikwa matete. "Na najua ulipita naye kwenye jiwe. Ulimwambia nini?"

"Hakuuliza," nikasema, nikaendelea kusonga ugali.

Aliutazama mwiko wangu mpaka nikaepua sufuria. Kisha akasema, "Sawa, dada," akaenda zake. Alikuwa amenizidi zaidi ya miaka kumi na aliniita dada. Nalikumbuka hilo kuliko maneno mengi makubwa niliyoambiwa baadaye maishani.

Mkutano wa kusoma vipimo ulifanyika wiki hiyohiyo. Mpima alisoma mstari wa maji, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Msengi akasimama. Akasema mstari huo siyo wa kweli, kwamba kuna jiwe lenye alama, na kila mtu aliyepo hapa mwenye zaidi ya miaka kumi na tano aliliona ziwa likiwa pale.

"Lile jiwe niliuliza," mpima akajibu, bila ubaya wowote. "Nikaambiwa ni mahali pa kuanikia samaki."

Msengi akageuza kichwa upande wa wanawake, akaniona. Najua aliniona. Nilikuwa nimekaa chini, kanga nimeivuta mpaka mdomoni, na nilingoja jina langu. Hakulitaja. Akawageukia watu wote, akauliza, "Ni nani hapa anaanika samaki kwenye lile jiwe? Asimame mmoja tu." Hakusimama mtu. Bwana wa wilayani akatazama saa, akasema fomu inahitaji saini ya mwenyekiti wa mwalo, na isiposainiwa leo mradi wote utapelekwa kwingine, birika, chanja na miti. "Saini bwana, acha kutuchelewesha," akasema Mzee Gunda kutoka nyuma. Msengi akasema, "Nimeshasema. Kama kijiji kizima kimeona matete, basi nitasaini matete." Akasaini. Jioni ile majirani walipita kwa shangazi kumpongeza, naye akawapikia chai ya maziwa.

Bikoni ziliwekwa chini kule, mita sitini tu juu ya matete. Mwezi haukuisha, zikaja nguzo na waya wa mbia, zikasimamishwa kuanzia bikoni kwenda juu, korongo hadi korongo, na majaruba yetu yote yakawa ndani. Wanawake walipokwenda kulalamika walionyeshwa karatasi. Eneo hili siyo ufukwe, walielezwa. Wenyewe mmethibitisha kwamba maji hayafiki hapa. Tuliruhusiwa kuingia mara moja kung'oa vitunguu, kwa siku mbili, mlinzi akiwa amesimama. Vya kwangu nilivipata. Vilikuwa vikubwa, vyekundu, na mfanyabiashara kutoka Nduguti alivisifia. Sikuweza kuvila.

Kisha mvua ikanyesha kuliko miaka yote niliyokumbuka. Maji yalipita matete, yakazifunika bikoni, yakagusa waya na kuupita. Kipande cha watu wote, kile Msengi alichokuwa anakitembeza nyumba kwa nyumba, kilikuwa chini ya ziwa. Birika lililojengwa kwa fedha za umma lilizama saruji yake ikiwa bado mpya, na kambale wakawa wanaonekana wanazunguka ndani yake. Mitumbwi haikuwa na pa kufikia. Ng'ombe walizungushwa mpaka ng'ambo ya korongo, mwendo wa asubuhi nzima. Sisi wanawake tulichota maji tukiwa tumesimama ziwani mpaka magotini, mkono mmoja kwenye waya tusiteleze, na upande wa pili wa waya nchi kavu ilikuwa tupu, majani yamechipua, hakuna hata mgeni mmoja.

Hapo ndipo watu walipouliza ni nani aliyesaini. Waliuliza kama watu ambao hawakuwepo. Kofia ya kijani ikakumbukwa, mkoba ukakumbukwa, semina ya siku tatu ikawa ya wiki mbili. Msengi akaondolewa uenyekiti kwa kura ya kunyoosha mikono. Mke wake, Mama Tabitha, akifika mashineni na ndoo yake ya mahindi, mazungumzo yalikatika mpaka asage na kuondoka. Tabitha mwenyewe, mtoto wa darasa la pili, alirudi kutoka shuleni akimwuliza baba yake ziwa huuzwa namna gani. Nilikuwa naona yote hayo. Nilimwambia shangazi mara moja tu kwamba ingefaa tuseme, akaniuliza, "Tuseme nini, na tumwambie nani?" Mwisho wa mwaka ule nikaolewa Kinampanda. Nilisindikizwa kwa nyimbo, lakini moyoni nilijua natoroka.

Nimefikiri sana juu ya watu wetu wa mwaka ule, na siwezi kuwacheka. Walikuwa wameshanyang'anywa kabla, kwa karatasi na kwa maneno mazuri, na ilikuwa haki yao kushuku. Lakini tulimshuku yule aliyetuonyesha karatasi, tukamwamini yule aliyefunga mlango. Na baada ya kukosea tulishindwa kukaa na kosa letu, tukampa mtu mmoja akae nalo. Amekaa nalo zaidi ya miaka ishirini, kwenye nyumba ileile, akivua samaki wa kula tu.

Siku ya kuanua matanga, mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa mfupi. Alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua. Ziwa halikutajwa, wala uenyekiti wa mwalo. Tulikuwa watu kama arobaini uani, wengi wamekuja kwa ajili ya chakula cha mwisho, na sikuwalaumu. Mazungumzo kwenye mabenchi yalikuwa juu ya mkataba wa mbia unaokaribia kwisha. Wapima wengine wanakuja mwezi ujao, fedha nyingine za serikali, wafadhili wengine. Msemaji wa familia akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Gunda, ambaye sasa anatembelea fimbo na ndiye pekee aliyebaki kati ya wale saba, alikuwa ameketi mbele. Nikasimama. Sauti yangu si kubwa, lakini nilisema yote niliyoyaandika hapa, kuanzia kikao cha shangazi, jiwe, samaki na mbwa, mpaka kule jikoni. Nilisema Msengi alitaka tuonyeshe ukweli, na kwamba jina lake nimeliharibu mimi.

Nilidhani watanikasirikia. Hawakukasirika. Walinitazama kwa makini, kama unavyomtazama mtu anayekuuzia ng'ombe kwa bei ya chini.

"Nani amekutuma, mama?" kijana mmoja akauliza.

"Hakuna."

"Miaka yote umenyamaza. Wapima wakiwa njiani ndipo unakumbuka?"

"Watoto wa marehemu wanautaka uenyekiti wa mwalo," mwingine akasema pembeni, kwa sauti ya kusikika. "Wameshamwandaa huyo."

Nikasema tena kwamba hakuna aliyenituma, na nikaona haifai kitu. Mzee Gunda akapiga fimbo chini mara moja.

"Huyu binti wakati ule alikuwa mdogo," akasema, polepole kama zamani. "Msimlaumu, amechanganya. Kikao hicho hakikuwepo."

"Kilikuwepo, babu," nikasema. "Sauti yako ilikuwa ikitoka upande wa mlangoni. Shangazi alichinja kuku, akakupa wewe paja."

"Paja," akasema Mzee Gunda, na uso wake ukakunjamana kwa dharau. "Mimi nipewe paja, kama mtoto? Nilipewa firigisi."

Hakuna aliyecheka. Mama Tabitha alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa nyumba yake, kitambaa cheusi kichwani, na kwa siku zote zile hakuwa amesema lolote zaidi ya kuitikia pole. Akainua uso.

"Firigisi ya siku gani, Mzee Gunda?" akauliza.